Vipapatio vimegoma kukauka? Uliza kwanza maji yametoka wapi

Jumamosi moja jirani yangu wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, alinigongea mlango saa mbili usiku, jasho linamtoka, anasema dada njoo uniangalizie hivi vitu, mafuta nimemimina lita nzima, mkaa nimepepea mpaka macho mekundu, na vipapatio vya kuku vinaogelea tu, nusu saa sasa, havigeuki rangi. Nikaenda. Karai limejaa pomoni, kilo moja na nusu kaimwaga humo kwa mkupuo, povu la kijivu limepanda mpaka ukingoni na mvuke unatoka kama sufuria ya chai ya msibani. Nikamwambia shoga, hapo hukaangi, hapo unachemsha. Akataka kuongeza mafuta, nikamshika mkono.

Hilo swali naulizwa kila mara kwa sura tofauti. Mmoja atasema ngozi imekuwa mpira, mwingine unga umebanduka wote umebaki kwenye mafuta, mwingine chumvi haijashika, na wote wanamalizia na lile lile, labda viungo havikutosha. Jamani viungo havina kosa. Mara nyingi mkosaji ni maji, na hayo maji wala hayakuingilia jikoni kwako, ulikuja nayo toka dukani ukayalipia na hela. Kwa hiyo nitakwenda na malalamiko moja moja lakini mtaniona narudi kwenye maji, msichoke.

"Vinatoa maji, havikaangiki"

Hii ndo kubwa kwa hiyo nikae nayo. Kuku ana mabawa mawili. Najua ni kitu cha kitoto kusema lakini hebu piga hesabu, kuku wa kisasa wa wiki tano sita akishachinjwa na kusafishwa anacheza kilo moja na robo, bawa lake moja nikiliweka kwenye kamzani kangu ka keki linakuja gramu 60, likizidi sana 70. Kilo moja ya vipapatio basi ni vipande kama 15, maana yake kuku wanane. Sasa kwenye mji kama Kigoma ambako kuku wengi wanauzwa wazima, na wale wa chipsi wanakata robo ambayo kipapatio kinaondoka na kidari chake, huyo muuza duka kuku wanane waliokatwa mabawa asubuhi ya leo kawatoa wapi? Anakusanya bwana. Leo manne, kesho kutwa sita, anatupia kwenye friza mfuko ule ule, umeme unakatika vinalegea, unarudi vinaganda tena, na we unakuja Jumamosi unaambiwa mzigo umeingia jana.

Na ubaya wa kuganda na kulegea ni huu: nyama ikiganda maji yake ya ndani yanageuka vipande vya barafu, na barafu inachana nyuzi za nyama kwa ndani, na kadri inavyoganda polepole (friza imejazwa mpaka mlango haufungi vizuri) ndo vipande vinakuwa vikubwa na vinachana zaidi. Ikiyeyuka maji hayana tena pa kujishika, yanatoka. Ikirudishwa kuganda mara ya pili ndo imekwisha kabisa. Ukiitia kwenye mafuta ya moto yale maji yote yanamwagika kwa pamoja, na maji yakiwepo moto wote unaishia kuyageuza mvuke, mafuta hayapandi, yanabaki kwenye mia na kidogo, na rangi ya kahawia haiji kabla pale juu ya ngozi hapajakauka. Puliza mkaa mpaka kesho.

Kwa hiyo ukifika dukani usiangalie juu ya mfuko. Ugeuze. Ukiona chini kuna barafu nyekundu imejikusanya kama jusi ya ukwaju iliyoganda, huo mzigo umeshalegea ukamwaga damu ukaganda upya. Ukiona vimeshikana tonge moja bapa limechukua umbo la kona ya friza, hivo hivo. Vizuri vinakuwa kimoja kimoja, ukitikisa mfuko vinagongana kama kokoto. Mabaka meupe makavu kwenye ngozi, kama mtu aliyetoka kuoga hajajipaka mafuta, hiyo ni baridi ya friza imenyonya unyevu kwa kukaa siku nyingi, haikuui ila hapo palipokauka hapana ladha na hapalainiki tena. Na mwambie avitoe kwenye mfuko avimwage kwenye chujio kabla ya kuweka kwenye mzani, atanuna, mwache anune. Barafu nayo ina uzito.

Kama unapata ambavyo havijawahi kuganda, chukua hivo hata kama ni vichache. Mimi na wenzangu wawili tunaagiza kuku kwa kaka mmoja anafuga broila, tunachukua nane au kumi kwa mara moja, tunakata wenyewe, mimi nabeba mabawa yote na wao nawaachia mapaja. Mmoja wao mumewe hali kipapatio anasema ni mfupa wenye koti. Sawa, baki na maneno yako.

Umeshanunua vya friza? Viyeyushe usiku kucha kwenye friji, shelfu ya chini kabisa ili damu isidondokee mchicha, chini weka bakuli. Una haraka basi vifunge kwenye chombo kisichoingiza maji, kizamishe kwenye ndoo ya maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Kuviacha juu ya meza toka asubuhi mpaka urudi kazini hapana, kwa joto la hapa ziwani kuku mbichi nje masaa mawili ndo mwisho, na mchana wa jua kali hesabu saa moja tu.

Vikishalegea, vimwage kwenye chujio, kisha futa. Nasema futa, kimoja kimoja, kwa tishu au kitambaa safi ambacho baadae kinakwenda kuchemshwa, pita hadi kwenye kile kikwapa cha bawa maana maji yanajificha pale. Halafu chumvi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kwa nusu kilo, kisijae sana. Panga kwenye chujio au wavu wa keki, rudisha kwenye friji bila kufunika mpaka kesho yake. Bila kufunika, ndiyo, hiyo hewa kavu ya friji tunaitaka itufanyie kazi. Ngozi itakuwa imebana inang'aa kama karatasi. Huna friji? Paka chumvi, acha nusu saa kwenye chujio chini ya kawa inzi wasitue, chumvi itavuta maji yatoke juu, futa tena, kaanga hapo hapo.

Na karai usijaze. Vipande sita saba kwa karai la kawaida, vielee visigusane. Yule jirani tulimuokoa hivyo hivyo, tukavitoa vyote, tukavichuja, tukafuta kila kimoja na kanga yake ya zamani, mafuta tukayaacha yatokote mpaka yakaacha kulia (mafuta yanayolia bado yana maji) tukaanza upya sita sita. Tulikula saa nne usiku ila tulikula.

"Ngozi ina rangi nzuri lakini ukiuma inavutika kama mpira"

Hapa sababu ni tatu na inabidi ujijue wewe ni yupi.

Wa kwanza ni yule anayefunika. Ametoa kwenye mafuta vinalia kau kau, akavitia kwenye hotipoti akafunga kifuniko wasubiri baba arudi. Ule mvuke unapanda unagonga kifuniko unarudi chini kwenye ngozi. Dakika kumi tu mpira. Weka kwenye chujio au juu ya wavu, wazi, na kama inzi wanasumbua funika na kawa inayopitisha hewa.

Wa pili hajayapa mafuta ya ngozi muda wa kuyeyuka. Ngozi ya kipapatio ina mafuta mengi na ile nyama inayoshika ni kano kano, zote mbili zinahitaji muda. Kuku anakuwa salama akifika nyuzi 74 kwa ndani, lakini kipapatio sio kidari, kikifika 74 kinalika ila kinang'ang'ania mfupa, kikivuka 80 kikakaribia 90 ndo zile kano zinalainika na ngozi inakuwa nyembamba. Huwezi kukikausha kirahisi kama kidari, kwa hiyo acha woga. Ninavyofanya nakaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, dakika kumi hivi, vitoke na rangi ya chai ya maziwa tu. Napumzisha robo saa, unyevu uliobaki unasogea kuja juu. Mara ya pili mkaa umekolea, dakika mbili tatu, hapo vinalia kwenye chujio kama mahindi makavu. Wanaouza chipsi wazuri viazi vyao wanafanya hivyo hivyo, sio siri ya kanisa.

Huna kipimajoto, hata mimi sina cha mafuta. Chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti, mapovu madogo yakipanda taratibu kuzunguka mti huo ni moto wa mara ya kwanza, yakipanda kwa fujo ni wa mara ya pili, mafuta yakianza kutoa moshi umepitiliza, ondoa mkaa kidogo.

Wa tatu ni mtu wa ndimu. Watu wetu hawaamini kuku mpaka aloweke kwenye ndimu au siki usiku mzima. Nusu saa sawa, harufu inapungua. Usiku kucha ile asidi inapika juu juu, nyama inakuwa kama chaki na ngozi haikauki. Ndimu yangu mimi inakuja mwisho, mezani.

Kuna ujanja wa beking pauda ambao unafanya kazi kweli kwa wanaooka. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, pamoja na ile chumvi (punguza chumvi kidogo maana pauda nayo ina chumvichumvi), changanya kwenye vipapatio vilivyokwisha kufutwa, lala navyo kwenye friji. Inaifanya ngozi isiwe na uchachu, na ngozi ya namna hiyo inashika rangi haraka na kupasuka vijipovu vidogo vinavyokauka. Sasa usikosee ukatia bikaboneti ile ya kulainishia maharage kwa kipimo hicho hicho, utakula sabuni. Na usitie ndimu na beking pauda kwa pamoja, utaona povu linafura ukafikiri ndo inafanya kazi, kumbe zinauana hapo kwenye bakuli.

Kuoka kwenyewe wenye oveni wapo wachache, mimi natumia lile jiko la kuokea keki, sufuria kubwa, wavu ndani, mkaa chini kidogo na mkaa juu ya mfuniko mwingi. Tofauti na keki, egesha mfuniko na kijiti pembeni upate upenyo mvuke utoke. Dakika arobaini na tano mpaka saa zima, unageuza katikati.

"Nje makaa, ndani damu"

Uliza kwanza, ulipaka nini juu? Kama jibu ni asali, umeshamaliza uchunguzi. Tuko katikati ya asali, Tabora huko na miombo yake, huku kwetu Kibondo na Kakonko, chupa haikosekani nyumbani, na mtu anaona raha kuloweka vipapatio kwenye asali na kitunguu swaumu toka asubuhi. Asali ni sukari, inaungua mapema mno kabla moto haujafika hata robo ya nyama. Vitunguu swaumu vilivyosagwa navyo vinageuka vyeusi vichungu. Choma kavu, chumvi na pilipili manga tu, vikishaiva zile dakika tatu nne za mwisho ndo unapaka asali kwa brashi, unageuza, unapaka tena, unatoa. Asali kidogo, ndimu, pilipili mbuzi imetwangwa. Mtu atakuuliza umenunua wapi.

Kama hukupaka kitu tamu basi ni moto. Kwenye wavu wa mkaa, mafuta ya ngozi yanadondoka, moto unaruka, unalamba. Sogeza mkaa wote upande mmoja, vipapatio vikae upande usio na mkaa viive kwa joto la pembeni, mwishoni ndo uvipitishe juu ya mkaa vipate alama. Na kama uliviweka vikiwa bado na barafu katikati, nje itaungua ndani bado inayeyuka, hiyo haina dawa ya moto, ni kusubiri viyeyuke.

Halafu kuna damu isiyo damu. Umepika vizuri, umevunja kiungo, karibu na mfupa kuna wekundu au weusi na watoto wanasema mama hii mbichi. Kuku wa kisasa anachinjwa mtoto, wiki sita mifupa yake haijakomaa, ina vitundu, na rangi ya uboho inapenya kuja kwenye nyama, hasa akiwa amegandishwa. Usipime kwa rangi. Chomoa ule mfupa, nyama ikiachia na majimaji yakitoka maangavu na hakuna sehemu ya katikati yenye utelezi wa ubichi, kimeiva. Nyama ikiwa inang'ang'ania, inateleza, ina mng'ao kama ya jana buchani, rudisha motoni bila aibu. Ukiwa na kipimajoto cha nyama kichome sehemu nene bila kugusa mfupa, ukiona 74 kwenda juu kula.

"Vinanuka shombo"

Harufu ina aina. Ikiwa kali ya uchachu, ngozi inateleza hata baada ya kusuuza, nyama imeanza rangi ya kijani au kijivu kwapani, tupa. Ndimu haifufui. Pilipili haifufui. Kuku mbichi kwenye friji anakaa siku moja mpaka mbili, si wiki.

Ikiwa ni harufu ya samaki, ndugu zangu wa Kigoma, tuambizane ukweli. Hiyo sio ya kuku. Friza ina migebuka na dagaa humo, mfuko haujafungwa, vipapatio vinavuta harufu kama sponji. Au ni yale mafuta. Ukikaangia migebuka Ijumaa, Jumamosi huwezi kukaangia kuku mafuta hayo ukategemea asiseme kitu. Mimi nina chupa mbili, moja nimeandika SAMAKI kwa makapeni, na mafuta yakishakuwa meusi, mazito, yanatoa povu hata kabla hujatia kitu, yanamwagwa, usisikitike.

Mara nyingine ni manyoya. Kwenye ncha na ukingo wa bawa kunabaki vimisumari vya manyoya, ukikaanga vinanuka nywele zilizoungua. Vivute na kikoleo cha nyusi, sitanii, au upitishe bawa juu ya moto wa gesi sekunde chache halafu kwangua na kisu.

Na kuosha. Najua hapa tutagombana. Kuosha kuku hakuui vijidudu, vinakufa kwenye moto, na ukiosha chini ya bomba yale maji yanaruka mpaka kwenye sinki, vikombe, nyanya za kachumbari, na huko ndiko watu wanakopatia tumbo la kuendesha. Ila pia najua vipapatio vya huku vinakuja na damu, mchanga, saa ingine kipande cha gazeti. Basi osha kwenye beseni lenye maji yaliyotulia, taratibu, hakuna kuchapachapa, mwaga maji karibu na shimo, osha beseni na mikono kwa sabuni, kisha futa vipapatio. Ukiosha ukaacha kufuta umerudi kwenye lile tatizo la kwanza.

"Vigumu, unatafuna mpaka taya"

Aidha umeuziwa kuku wa mayai aliyestaafu, au umemchinja ukampika hapo hapo. Wa kwanza unamjua kwa kumkunja bawa kabla ya kulipa, kuku mdogo kiungo kinalegea kinakubali, mzee anakaza kama mlango wenye kutu, na kile kimfupa cha mwisho wa kidari kwa mdogo kinapinda kama sikio, kwa mzee kigumu. Kuku mzee na kuku wa kienyeji wala hana kosa, mpike kwanza, chemsha na tangawizi na chumvi mpaka alainike, mchuje, mwache akauke kabisa ndo umpitishe kwenye mafuta ya moto dakika chache. Supu yake unajua mwenyewe pa kuipeleka.

Wa pili, kuku akishachinjwa misuli inakaza, kisha inalegea yenyewe baada ya masaa. Ukimkata na kumpika wakati imekaza utakula kamba. Chinja, safisha, weka kwenye baridi masaa matano sita au mpaka kesho. Wale wa kuchinja saa saba mgeni anafika saa nane mtaniambia mnafanyaje.

Madogo madogo

Unga unabanduka: ngozi ilikuwa na maji, au umepaka ukatumbukiza palepale. Futa, paka unga mwepesi (mi nachanganya ngano na konflawa nusu kwa nusu), kung'uta, acha dakika kumi na tano unga ushike, ndo ukaange. Na usikoroge kabla ya dakika mbili tatu za kwanza.

Vinashika kwenye wavu: wavu ulikuwa wa baridi. Acha upate moto, pakaa mafuta kwa kitunguu kilichokatwa, na usivute kwa nguvu, kikiiva kinaachia chenyewe.

Chumvi haijaingia: umetia dakika tano kabla. Chumvi ni kitu cha jana yake. Viungo vingine vyote vinakaa juu juu hata uloweke wiki.

Mfupa unachoma mdomo: fundi wa bucha kapiga panga katikati ya mfupa. Kata mwenyewe. Kipapatio kina sehemu tatu, ile ya juu yenye umbo la kimguu, ya kati yenye mifupa miwili myembamba, na ncha. Kikunje kinyume mpaka kiungo kijitokeze, tafuta kwa kidole pale kwenye kabonde, kisu kinapita kwenye gegedu kama kwenye siagi. Kikigoma usitumie nguvu, sogeza nukta mbili pembeni, uko juu ya mfupa.

"Nimekaangia mawese, yamefura mpaka nje"

Hii ni ya kwetu tu, mtu wa Dar hawezi kuniuliza. Mawese mekundu ya kukamua nyumbani yana majimaji na machicha yaliyobaki, ukiyapa moto mkali yanatoa povu, yanaruka, yanafukiza jikoni, na ile rangi nzuri inaungua inabaki kitu cha njano chenye harufu nzito. Kwa kukaanga kwa wingi tumia mafuta yaliyosafishwa, hata yale ya mawese ya dukani yaliyochujwa rangi yanavumilia moto vizuri tu. Mawese yenyewe yana kazi bora zaidi.

Wamarekani wana vipapatio vyao maarufu vya mji wa Buffalo, jimbo la New York, hadithi inayosimuliwa sana ni ya mama mmoja anaitwa Teressa Bellissimo kwenye baa ya Anchor Bar mwaka 1964. Mabawa yanakaangwa makavu bila unga, kisha yanarushwarushwa kwenye bakuli lenye siagi iliyoyeyushwa na sosi ya pilipili. Siagi pale kazi yake ni kubeba pilipili na kuituliza isikuchome koo. Sasa mimi nikasema siagi ya nini na mawese ninayo. Vijiko viwili vya mawese kwenye kisufuria, moto mdogo yayeyuke tu, pilipili mbuzi moja imetwangwa na kitunguu swaumu, chumvi ya kubana na vidole, zima moto, kamulia ndimu. Vipapatio vikitoka mara ya pili kwenye mafuta, vingali vinalia, mwaga kwenye bakuli, mimina hiyo, rusha mara tano sita, kula sasa hivi. Ukivikalisha vinalainika, ile sosi nayo ni unyevu, kwa hiyo kama mna wageni wa kuchelewa sosi ikae pembeni kila mtu achovye.

Vikibaki, viingie friji ndani ya masaa mawili, na kesho yake vipashe kwenye frampeni kavu bila mafuta, vina mafuta yao, moto mdogo, vinarudi kulia karibu kama jana. Maikrowevu itakurudishia mpira.

Ncha ndo watu wanatupa. Mimi naziweka kwenye kopo la siagi kwenye friza, likijaa nachemsha na tangawizi na kitunguu kizima masaa mawili moto wa chini, inatoka supu nzito inaganda kama jeli ikipoa, unamenyea ndizi mbichi humo humo. Hizo hata zikiganda mara mbili hazina neno, maji yakitoka yanatoka kwenye sufuria.